Ombi la Kumrudisha Mama Pamoja na Mafriji Yake

Kutoka kwa mume wa dada yako, fundi friji,
nikiwa uani, nimekalia ndoo iliyopinduliwa
(sababu ya kukosa kiti nitaieleza).

Kwako Shemeji, mtoto wa kwanza wa Mama, mwenyekiti wa kikao cha familia na mtu wa ofisi ya bima.

Shemeji mheshimiwa,

YAH: MAMA KUTOKUWA TENA KATIKA HALI ALIYOLETWA NAYO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama haitakukuta mzima basi isome ukiwa umekaa. Sisi huku ni wazima kupita kiasi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza naomba ujue kwamba mimi si mtu wa malalamiko. Tangu nimuoe dada yako sijawahi kulalamika kwenu hata mara moja, hata ile siku ya harusi mjomba wenu aliponiuliza mbele ya watu kama kazi yangu ni ya kudumu au ni ya kipindi cha joto tu. Nilimjibu kwa adabu na nikaendelea kula. Lakini jambo hili la sasa limepita kimo changu, nami naona ni haki lifike kwako kwa maandishi, kwa sababu ni wewe uliyelianzisha.

Utakumbuka kwamba baada ya msiba wa Baba, Mungu amrehemu, ulituita kwenye kikao ukatugawia majukumu. Ulipendekeza, na sote tukakubali kwa sababu ulikuwa umevaa tai, kwamba Mama aanze kukaa kwetu, kisha mwisho wa mwezi huu aje kwako ghorofani, kisha aende kwa mdogo wenu wa mwisho, halafu aanze upya kuzunguka. Siku ulipomleta ulimshusha kwenye gari, ukamkalisha kwenye kiti cha mlango wa jikoni, ukanivuta pembeni na kuniambia maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo: "Shemeji, Mama hana neno. Mpe kiti tu, hatawasumbua."

Nilikuamini, na mwanzoni ilikuwa hivyo hivyo. Mama alitoka chumbani asubuhi, akakaa kwenye kile kiti, akautazama ua mpaka jua likaondoka. Ukimuuliza kama ataoga, alitikisa kichwa, na kichwa chenyewe hakikusema ndiyo wala hapana. Dada yako alimwekea chakula kisha akaja kukiondoa. Tukawa tunapita karibu naye kwa kunyata, na redio tukaizima. Kwa lugha ya kazi yangu, alikuwa kama friji ambalo taa yake inawaka lakini halipozi.

Huyo ndiye Mama tuliyekubaliana. Huyu tuliye naye sasa ni mwingine, na malalamiko yangu juu yake ni kama yafuatavyo.

1. Anaongea.

Siku hiyo nilikuwa naosha wavu wa nyuma wa friji la mteja. Nilipomaliza nikayamwaga maji kando ya uzio, kama nilivyofanya miaka yote. Nikasikia sauti nyuma yangu: "Hapo maji yanapotea bure."

Nilidhani ni redio, kisha nikakumbuka kwamba redio tumeizima. Nikageuka. Mama alikuwa anaangalia pale palipolowa. Nikasimama na beseni langu mpaka mikono ikaniuma, na kwa kuwa sikujua mtu husema nini katika hali kama ile, nikamuuliza niyamwage wapi. Basi akainuka, Shemeji. Akashuka kingazi cha mlango wa jikoni bila kushikwa, akaja mpaka katikati ya ua, akainama, akachota udongo, akaunusa. Akasema udongo huu umekunywa mafuta mpaka umelewa, ndiyo maana hata magugu yanaona haya kuota.

Nilimpigia simu dada yako kule anakoshona. Alikuja mbio na futi yake ya kupimia shingoni, akatukuta tumechuchumaa wawili tunajadili udongo. Aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vitunguu. Ndani ya nyumba hapakuwa na kitunguu hata kimoja.

Tangu siku ile Mama hajanyamaza. Anaongea akinywa chai, anaongea akisuka mkeka, anaongea na mimi nikiwa nimeingiza kichwa ndani ya friji, mahali ambapo kwa miaka mingi nilikuwa napata utulivu.

2. Amenigeuza mti wa kupimia kivuli.

Mimi nilidhani bustani ya mboga inaanzishwa kwa jembe. Nilikwenda kuazima jembe, nikarudi nalo begani nikiwa nimejiandaa kutoka jasho. Mama akaniambia nilirudishe. Kwanza, alisema, lazima tujue jua linatembeaje hapa uani, maana ukuta wa jirani ni mrefu na sisi hatutapanda mboga ili zikae kivulini kama wazee wa baraza. Akanisimamisha. Asubuhi nilisimama, mchana nilisimama, alasiri nilisimama, na kila kivuli changu kilipofika yeye alichomeka kibanio cha nguo. Jirani wa nyuma, yule mama wa sauti nene, alichungulia juu ya uzio akamuuliza dada yako kama mumewe anaadhibiwa. Dada yako akajibu ndiyo.

Tulipojua jua linakokaa muda mrefu, akatuita mezani kuuliza tunakula nini. Nilimwambia napenda brokoli. Akauliza nilikula lini mara ya mwisho. Ikabidi niseme ukweli, kwamba sijawahi kuila ila nimeiona ndani ya friji la mteja. Akasema tunapanda kwa ajili ya sufuria letu, si kwa ajili ya kupigwa picha. Hivyo ndivyo brokoli ilivyofutwa, na mahali pake pakawekwa mchicha, nyanya, pilipili hoho, vitunguu vya majani na karoti. Nilipotaka kuongeza na matikiti, alisema bustani ya kuanzia isizidi ile ambayo mtu mmoja anaweza kuimwagilia kabla chai yake haijapoa. Chai yangu inapoa kila siku, na nitalifikia hilo.

3. Mafriji.

Hapa ndipo penye donda. Kama unavyojua, uani kwangu kuna mafriji yaliyokufa. Siyo takataka, ingawa mjomba wenu aliwahi kuyaita hivyo. Ni akiba ya vipuri. Sasa kwa kuwa udongo wa ua umelewa mafuta, Mama aliamua kwamba mboga zipandwe juu, ndani ya masanduku, akaanza kuyapitia mafriji yangu moja baada ya jingine, mikono nyuma, kama daktari anayezungukia wodi. Kila alipofika aliuliza lile nimelitoa kipuri lini. Nikasema hili bado, Mama, lakini siku moja. Akasogea kwa la pili. Nikasema hili pia siku moja. Alipofika la mwisho hakuniuliza tena, alinitazama tu, nami nikaenda kuchukua bisibisi.

Tuliyalaza chali. Tukang'oa milango. Kisha akaniambia nitoboe matundu chini ili maji ya ziada yatoke. Shemeji, mimi maisha yangu yote kazi yangu ni kuziba matundu. Nimeziba matundu watu wakiwa wananililia. Kuchukua drili yangu mwenyewe na kutoboa friji zima kwa makusudi, huku mtu ninayemheshimu akisema "ongeza jingine hapo," ni jambo ambalo mwili wangu ulilikataa, lakini mkwe mtu unamkataliaje? Nikatoboa.

Udongo tuliununua kwa mtu wa miche, samadi ikatoka kwa muuza maziwa, na jikoni sasa hakuna ganda linalotupwa bila ruhusa. Zile droo za chini, ambazo mwenye kiwanda alichora picha ya mboga, zimekuwa kitalu cha kuoteshea miche. Nakiri kwamba katika miaka yote niliyofanya kazi hii ni mara yangu ya kwanza kuona droo hizo zinafanya kazi iliyochorwa juu yake. Kwenye droo za wateja nimekuta soksi, nimekuta betri, nimekuta hati ya ndoa. Mboga sikuwahi.

4. Bwana wa bucha.

Katika yale mafriji kulikuwa na friza moja refu, jeupe, ambalo si langu. Ni la bwana wa bucha ya pale kona. Aliliacha kwangu, nikamwambia mashine yake haitapona, akasema atakuja kuliangalia, kisha akanunua jingine na kunisahau. Mama alilipenda kwa sababu lina kina, na karoti, anasema, zinataka kushuka chini bila kugonga kitu. Nilimweleza kwamba lina mwenyewe. Akaniuliza mwenyewe yuko wapi.

Jibu lilikuja lenyewe karoti zilipokuwa zimeota kama nywele za mtoto. Nilikuwa nimetoka kwenda kununua gesi. Niliporudi nikaona pikipiki yake getini. Bwana wa bucha ni mtu mkubwa. Anapopita, geti langu hutikisika kabla hajaligusa. Nilifikiria kurudi dukani kununua gesi nyingine, kisha nikamkumbuka Mama, nikaingia.

Nilimkuta amesimama mikono kiunoni, na Mama amekaa kwenye ukingo wa friza. Alikuwa amekuja kulichukua akaliuze chuma chakavu. Mama alimjibu kwa upole kabisa: "Hakuna anayekukatalia, baba. Lakini humo mna karoti, na karoti haihamishwi. Zikikomaa, friza lako lichukue."

Akauliza zitakomaa lini. Mama akasema apite kila wiki aangalie mwenyewe. Nilidhani atapiga kelele. Akapita wiki iliyofuata. Mama akamwonyesha namna ya kupunguza miche, kung'oa iliyobanana ili inayobaki inenepe, na yule bwana, ambaye nimemwona akipasua paja la ng'ombe kwa pigo moja, alipiga magoti pale na kwa vidole vyake vinene akawa anavuta kajani kamoja kamoja, ulimi nje, pumzi ameibana.

Sasa haji kila wiki, anakuja kila siku. Anafika sijafungua karakana, ananipita bila salamu, anakwenda kuzijulia hali karoti. Ametuletea mapipa ya kukingia mvua bila kuombwa. Juzi aliniambia kwa sauti ya juu kwamba sijui kufunga geti vizuri na mbuzi wa watu wataingia. Geti langu, Shemeji. Nimepoteza mteja, nimepata mkaguzi.

5. Konokono.

Mama haruhusu wauawe. Kila alfajiri nawaokota kwenye mchicha, nawatia kwenye kopo la biskuti, navuka barabara na kwenda kuwaachia kwenye kiwanja kile kisicho na mtu. Nimekutana na watu wanaowahi kazini, wakaniuliza nimebeba nini, nikawajibu. Siku hizi hawaniulizi. Nina shaka kwamba konokono wenyewe wanarudi. Kuna mmoja mwenye gamba lililomeguka, tumekwisha kuzoeana.

6. Nimepoteza jina na tumbo.

Jina langu mtaani lilikuwa Fundi. Nililitafuta kwa jasho. Sasa Mama anagawa mchicha juu ya uzio, kwa huyu shada moja, kwa yule shada moja, na watu ambao tulikuwa tunapungiana mikono kwa mbali wamekuwa wanaingia mpaka ndani, wanakaa, wanauliza mbona nyanya zao zinadondosha maua. Dukani nikienda kununua chumvi natumia saa nzima, maana kila mtu anataka kujua Mama ameamkaje. Wiki iliyopita mteja mgeni alikuja kuulizia fundi friji, na vijana wa pale kona wakamjibu kwamba fundi hawamjui, labda anamtafuta mkwe wa Mama Mafriji.

Kuhusu tumbo, dada yako amenipunguzia suruali zote, na kila anapopunguza anacheka. Nilikuwa na tumbo la mtu mzima, lililonipa heshima kwa wateja. Limeondoka kwa kubeba ndoo. Ndoo hizo ndizo zinazoipoza ile chai niliyosema.

7. Nilichekwa nikiwa kazini.

Hili ni refu, naomba univumilie, na nisingeliandika kama lisingekuwa linahusiana moja kwa moja na lile ulilonihakikishia siku ya kwanza.

Tulikuwa na friji zima la pilipili hoho. Zilikuwa zimeanza kutoa maua, na Mama kila asubuhi alianzia hapo. Siku moja nilikuwa nasafisha wavu wa friji la mgahawa kwa ile dawa kali ya kung'arisha, nimechoka, akili iko kwingine. Nilipomaliza nikakumbuka kwamba maji hayapotezwi. Nikayabeba lile beseni, dawa na yote, nikayamwagia kwenye hoho.

Kesho yake majani yalikuwa yamekunjamana na kuwa meupe kama karatasi iliyopitiwa na moto.

Nilimsubiri Mama nikiwa nimeandaa maneno. Nilijua atanisema, na nilikuwa tayari kusemwa. Hakunisema. Aliliangalia lile friji, akalishika jani moja likavunjika mkononi mwake, akapangusa mikono kwenye kanga, akarudi mpaka mlango wa jikoni, akakaa kwenye kile kiti. Siku hiyo hakusema neno. Siku ya pili hakusema neno. Dada yako alimwekea chakula, akaja akakiondoa. Wala dada yako hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu. Bwana wa bucha alipokuja na kuona hali ilivyo, alivua kofia akasimama nayo mkononi, kisha akaondoka bila kuziangalia karoti.

Shemeji, mimi nimewahi kulipukiwa na mtungi wa gesi karibu na uso. Sikuogopa kama nilivyoogopa siku zile mbili. Nilikuwa napita pale mlangoni nikinyata tena kama mwanzo, na nikatambua kwamba miguu yangu ilikuwa imeshasahau kunyata.

Siku ya tatu nililimwaga lile friji lote, nikaliosha, nikalisuuza, nikanunua udongo mwingine. Kwenye droo kulikuwa na miche ya hoho iliyosalia. Nikaanza kupanda peke yangu, yeye akiwa nyuma yangu kwenye kiti. Mimi kompresa naijua, mche siujui. Nilitoboa mashimo kwa bisibisi kubwa, nikauzamisha kila mche mpaka kikabaki kijani cha juu tu, kisha nikashindilia kwa ngumi, maana hivyo ndivyo ninavyoshindilia sufi ya kuzuia joto. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nyuma kimya. Bwana wa bucha alikuwa ameingia, amesimama getini. Nilipofika katikati ya mstari nikasikia kiti kinalia.

"Mwanangu," Mama alisema, "hiyo miche unaipanda au unaizika?"

Halafu nadhani alilisikia mwenyewe neno alilolitamka, maana aliweka mkono mdomoni. Nikabaki nimepiga magoti. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikasema moyoni, leo nimemuua Mama wa watu. Kumbe alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka na kulia, vyote kwa pamoja, na katikati yake akasema Baba naye alikuwa anapanda hivyo hivyo. Maisha yote ya ndoa yao Baba alizamisha miche mno, akaenda kazini ameridhika, na yeye Mama akabaki nyuma anaivuta juu kidogo, mmoja mmoja, asijue mtu. Amekufa, alisema, akiamini yeye ni mkulima hodari.

Alimzungumzia mpaka jua likashuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu tumzike. Alisema Baba alikuwa anaviimbia vitunguu. Alisema kwamba Baba aliogopa kuku, jambo ambalo nina hakika hata wewe mtoto wa kwanza hulijui, na kwamba mlipokuwa wadogo alisingizia mguu unamuuma ili ninyi ndio mkaokote mayai. Huku akisema hayo alipiga magoti kando yangu, akaivuta ile miche yangu juu kidogo, mmoja mmoja. Alipomaliza alikwenda kukichukua kile kiti cha mlango wa jikoni, akakichomeka katikati ya nyanya, na mche mmoja mrefu akaufunga kwenye mgongo wake kwa kitambaa cha dada yako. Hakuna mtu aliyekikalia tena. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa juu ya ndoo.

Lalamiko langu katika hili ni kwamba kazi yangu ilirudiwa bila ridhaa yangu, na kwamba nilichekwa mbele ya bwana wa bucha, ambaye naye alicheka mpaka akashika geti, geti lenyewe bovu.

OMBI

Kwa kuzingatia yote hayo, naomba utekeleze mpango wako kama ulivyo, uje na gari mwisho wa mwezi umchukue Mama, na umrudishe katika hali uliyomleta nayo. Nimefikiri sana nikaona kwako ndiko mahali panapofaa. Huko ghorofani hakuna udongo. Dirisha la chumba cha wageni linatazama ukuta. Mlinzi wenu haruhusu hata chungu cha maua kibarazani. Wewe na mkeo mnatoka asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo hapatakuwa na mtu wa kumwambia yanakopotea maji. Kiti mnacho, tena chenye mito, kizuri kuliko changu. Nina imani kwamba haitachukua muda mrefu atakuwa ameacha kuongea kabisa, na hatawasumbua.

Kuhusu usafiri, kuna mambo machache ya kuandaa. Mafriji yataondoka naye, na kwa kuwa yamejaa udongo hayawezi kusimamishwa kwenye lifti, itabidi yapandishwe kwa ngazi yakiwa yamelala. Friza la karoti lisiinamishwe hata kidogo. Bwana wa bucha amesema lisipokaa sawa atalibeba mwenyewe, na kwamba atakuwa anakuja kuliangalia kila siku, kwa hiyo mjulishe mlinzi. Kumwagilia kunahitaji mtu aliyezoea, ambaye kwa bahati mbaya ni mimi, na dada yako hayuko tayari kubaki peke yake, hivyo ututafutie chumba pamoja na pa kuweka cherehani. Konokono watakuja kwa miguu yao. Jirani wa nyuma ameniuliza kama huko kwenu kuna uzio anaoweza kuchungulia juu yake, nikamwambia nitakuuliza.

Iwapo hayo yote yatakuwa magumu, nitaelewa, lakini ujue lawama haitakuwa yangu.

Nikomee hapa maana ndoo inaniumiza. Mfikishie mkeo salamu zetu, na watoto, na mlinzi wa chini, na yule jirani wenu wa mlango wa pili ambaye mmeishi naye miaka yote bila kujua jina lake. Mjomba naye msalimie, mwambie kazi bado ipo. Mama anawasalimu nyote, na anauliza huko mnakula mboga gani na mnazinunua kwa nani.

Wako katika ukwe na katika samadi,

Mume wa dada yako.

Nyongeza: Dada yako ameisoma barua hii akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza kucheka vizuri. Amezitoa, akaniambia nikuandikie waziwazi kwamba mwisho wa mwezi gari uliache nyumbani. Njoo mwenyewe, lala hata siku mbili, umsikilize mama yako. Nami naona ana haki. Yote niliyoandika hapo juu yahesabu kama hayakuandikwa, isipokuwa lile la Baba na kuku, ambalo ni kweli.

Jambo jingine. Asubuhi hii Mama alirudi kutoka kwa mtu wa miche na mche wa mlimau. Hakuutaka ndani ya friji. Amenichimbisha shimo ardhini, pembeni kule karibu na tangi la maji, nikautoa ule udongo mbovu wote mpaka nikafika kiunoni, tukajaza mwingine. Nilimuuliza mlimau huzaa lini. Akasema miaka mitatu, pengine minne, mti wenyewe ukijisikia. Nikamuuliza, kwa adabu, kwa ratiba yako, Shemeji, wakati huo itakuwa zamu ya nani.

Akaniambia niache maneno, niushike mche usimame wima. Nikaushika mpaka alipomaliza kushindilia udongo.